Makongamano na mada za afya ya akili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wauguzi, matabibu, maofisa ustawi wa jamii, wanasaikolojia na wanafunzi wanaotaka kuhudhuria au kutoa mada kwenye mikutano ya kitaaluma ya afya ya akili. Majibu yameegemea zaidi Tanzania. Pale ambapo taratibu za Zanzibar au Kenya ni tofauti, tumesema. Mengine ni maoni yetu tu, na utayatambua.

Kongamano au warsha, kipi kinanifaa?

Usiangalie jina lililoandikwa kwenye mwaliko, angalia ratiba. Ukiona vikao vinne vinavyoendelea kwa wakati mmoja na mada za dakika 15, jua utasikia mengi kwa juu juu na utakutana na watu wengi. Ukiona wakufunzi wawili kwa siku tatu, na mazoezi ya kuigiza mahojiano na mgonjwa, hapo utarudi na ujuzi mkononi.

Kama uko zahanati au kituo cha afya na hujawahi kufundishwa kumpima mtu sonona au kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, anza na warsha, hasa zinazofuata mhGAP. Huo ni mpango ambao Shirika la Afya Duniani, WHO, liliuzindua mwaka 2008, na mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ulitoka 2010. Ulitungwa kwa ajili ya watoa huduma wasio mabingwa.

Mimi si bingwa wa magonjwa ya akili. Nitapokelewa?

Bila wewe ukumbi ungekuwa mtupu. Mabingwa wa fani hii ni wachache Afrika Mashariki nzima, na kazi ya kila siku inabebwa na wauguzi, matabibu, washauri nasaha na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kinachotukera ni kwamba hao hao ndio wanaokaa viti vya nyuma wakiandika, huku wanaosimama mbele ni wale wale kila mwaka. Muuguzi aliyefanya kazi wodi ya wanaume kwa miaka anajua namna ya kumtuliza mgonjwa aliyechachamaa saa nane usiku bila kumfunga kamba. Hiyo ni mada. Iandike.

Ada, nauli na malazi analipa nani?

Mara nyingi ni mwajiri, mfadhili wa mradi, au mfuko wako mwenyewe. Ada huwa ndogo kwa wanaowahi kujisajili na kwa wanafunzi. Mtumishi wa umma aanze na barua ya kuomba ruhusa kupitia kwa mkuu wa idara, aambatanishe mwaliko na ratiba, na awahi: mwaka wa fedha unaanza Julai, na maombi yanayofika Septemba mara nyingi hukuta fungu la mafunzo limeshagawanywa. Safari ya nje ya nchi inahitaji kibali juu ya ruhusa hiyo.

Kuhusu posho, tuseme bila kuzunguka. Anayeulizia posho hana kosa, maana kulala mjini siku tatu si bure. Ila kongamano lililojaza watu kwa posho hujulikana siku ya pili, sahihi zikishakusanywa: ukumbini wanabaki watoa mada, waandaaji na fundi wa spika.

Nitapata pointi za CPD?

CPD ni mafunzo endelevu ya kitaaluma, na pointi zake utazipata kama mwandaaji ameidhinishwa na baraza la taaluma yako. Kwa Tanzania Bara, madaktari wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na wauguzi chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya, madaktari wanasimamiwa na baraza lao, KMPDC. Ulizia idhini hiyo kabla hujalipa ada. Ukihudhuria nchi jirani, usidhani pointi zitahamia zenyewe. Liandikie baraza lako kabla ya safari.

Ikisiri yangu inakataliwa kila mara. Nakosea wapi?

Ikisiri ni muhtasari wa mada unaoutuma ili kamati iamue kama itaipokea. Kosa huenda ni sentensi ya kwanza. "Magonjwa ya akili ni tatizo kubwa duniani" kamati imeshaisoma mpaka imechoka. Anza na kliniki yako.

Tuseme mna wagonjwa wa skizofrenia wanaochomwa sindano ya fluphenazine kila mwezi, na baadhi hawarudi. Mkaamua kuwapigia simu ndugu zao siku mbili kabla ya tarehe. Ikisiri yako iseme wagonjwa walikuwa wangapi, wangapi walikuwa wakirudi kabla ya simu, wangapi baada yake, kwa muda gani, na vocha alinunua nani. La vocha usiliache. Msikilizaji kutoka wilaya nyingine atauliza hilo kabla ya takwimu zako zote, kwa sababu ndilo litakaloamua kama na yeye anaweza kujaribu.

Kikomo cha kawaida ni maneno 250 hadi 300: kwa nini mlifanya, mlifanya nini, mlikuta nini, kina maana gani. Usiandike "matokeo yatajadiliwa kwenye kongamano". Hiyo ni njia ya mkato kwenda kapuni.

Halafu kuna kibali. Utafiti unaohusisha wagonjwa au mafaili yao unahitaji kibali cha maadili kabla ya kuanza kukusanya taarifa. Tanzania Bara utaanzia kwa kamati ya taasisi yako au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Zanzibar utapitia ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya huko, na Kenya kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tathmini ya ndani ya huduma yenu wenyewe inaweza kuhitaji ruhusa ya uongozi peke yake, lakini anayeamua hivyo ni kamati, si wewe. Kibali cha kurudi nyuma hakipo.

Nimekubaliwa kwa bango, si kwa kuzungumza. Je, nimeshushwa daraja?

Hapana. Mbele ya bango utazungumza na watu wachache waliokuja kwa hiari yao, na mazungumzo hayo mara nyingi huzaa zaidi kuliko makofi ya ukumbini. Saizi inayoombwa sana ni A0, yaani sentimita 84 kwa 119. Uliza kama linatakiwa la kusimama au la kulala. Lichapishe kwenye kitambaa: linakunjwa ndani ya begi, na hutagombana na kondakta juu ya bomba refu la karatasi.

Dakika 15 zinatosha?

Andaa mada ya dakika 15 na nyingine ya dakika 7. Mgeni rasmi anayetarajiwa saa tatu huingia saa tano kasoro. Hapo kuna utambulisho, hotuba, picha ya pamoja na chai. Muda uliopotea haukatwi kwenye hotuba, unakatwa kwenye vikao vya mchana, na wewe uko mchana. Jua mapema ni slaidi zipi tatu zitakazobaki mwenyekiti akikuonyesha kadi nyekundu.

Naweza kutoa mada kwa Kiswahili?

Kwenye mikutano ya Tanzania, mtindo uliozoeleka ni slaidi za Kiingereza na maelezo ya Kiswahili, na hakuna anayelalamika. Mkutano ukiwa wa kimataifa, muulize mratibu kama kuna wakalimani. Jambo moja tunalisisitiza: kama ulitumia dodoso, kwa mfano PHQ-9 ya kupima sonona, onyesha maswali kwa Kiswahili kile kile ulichomsomea mgonjwa. Ukumbi mzima utaweza kupima kama bibi wa Kilwa au kijana wa Kibera alielewa alichoulizwa.

Nataka kueleza kisa cha mgonjwa wangu. Nikiondoa jina inatosha?

Haitoshi hata kidogo. Slaidi ikisema "mwalimu wa kike, miaka 34, wa shule pekee ya sekondari ya kisiwa fulani, alilazwa Machi wiki tatu baada ya kujifungua", aliyekaa safu ya nne ameshamjua, na huenda ni wifi yake. Kila kisichohitajika kwa somo unalofundisha kiondoe: kazi, kabila, dini, mwezi, mahali. "Mwanamke wa miaka ya thelathini, mwezi wa kwanza baada ya kujifungua" inamtosha daktari anayetaka kujifunza kuhusu saikosisi ya uzazi, yaani kuchanganyikiwa akili baada ya kujifungua.

Idhini iombwe kwa maandishi, mgonjwa akiwa ametulia, na ikiwezekana na mtu mwingine asiyemtibu, maana ni vigumu kumwambia "hapana" anayekuandikia dawa. Aambiwe kwamba watu ukumbini watapiga picha slaidi kwa simu na kuzitupia kwenye makundi ya WhatsApp. Aambiwe pia kwamba akikataa, huduma yake haibadiliki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina ya kwake ya 2019. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti.

Video ya mgonjwa akiwa amechanganyikiwa, hata ndugu wakiridhia? Sisi tunasema hapana.

Mada yangu inahusu kujiua. Nichukue tahadhari gani?

Usitaje njia iliyotumika kwa undani, usionyeshe picha ya tukio, usisome ujumbe ulioachwa. Kama waandishi wa habari wamealikwa, ongea nao kabla ya kikao. WHO ina mwongozo maalumu wa namna ya kuripoti habari hizi. Hakikisha kuna mshauri nasaha ukumbini, na mwenyekiti amtambulishe mwanzoni, ili mtu akitoka nje ghafla asitoke peke yake. Wataalamu nao wana ndugu waliowazika.

Kuna na upande wa sheria. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kilikuwa miongoni mwa waliofungua shauri hilo. Tanzania kosa hilo bado limo kwenye sheria. Kwa hiyo kisa cha mtu aliyenusurika, kikiwa na maelezo yanayomtambulisha, kinaweza kumfikisha polisi mtu uliyedhani unamtetea.

Tuwaalike wagonjwa na ndugu zao?

Ndiyo, lakini si kama mapambo. Kwenye mkutano mmoja tuliohudhuria, dada aliyeishi na ugonjwa wa bipola kwa miaka mingi aliitwa jukwaani "atoe ushuhuda" dakika chache kabla ya chakula cha mchana. Alieleza alivyofungiwa ndani na kaka zake, ukumbi ukanyamaza, kisha ukapiga makofi. Akapigwa picha na mgeni rasmi. Jioni, kwenye meza ya malipo, jina lake halikuwamo. Watoa mada walikuwa na bahasha zao, yeye akaambiwa ni "mwalikwa". Nauli ya kurudi kwao walimchangia wauguzi.

Anayekuja kuzungumza kwa uzoefu wake alipwe sawa na anayekuja kwa shahada yake. Achague mwenyewe mada. Si lazima isimulie alivyougua. Huenda anataka kuzungumzia dawa zinazokosekana hospitalini, au wodi ambayo mlango wa choo haufungi. Aonyeshwe ukumbi mapema. Aruhusiwe kubadili mawazo hata asubuhi ya siku yenyewe, na asidaiwe maelezo. Na wawepo kwenye kamati ya maandalizi, kule ambako ratiba inaamuliwa. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008 na Tanzania 2009, na mkataba huo unawahusu wenye ulemavu wa kisaikolojia pia, kwa hiyo mwandaaji hamfanyii mtu hisani.

Na waganga wa tiba asili, mashehe na wachungaji?

Wagonjwa wetu wengi wanapita kwao kwanza, tukipenda tusipende. Utafiti uliofanyika Nigeria na Ghana chini ya Oye Gureje wa Ibadan, uliochapishwa 2020, uliwapanga waganga na viongozi wa maombezi washirikiane na watoa huduma wa vituo vya afya kuwatibu watu wenye saikosisi. Wagonjwa hao walipata nafuu zaidi kuliko wa huduma ya kawaida. Kwa hiyo waalike, lakini usiwaweke kizimbani. Mjadala ukigeuka kuwa "kwa nini mnafunga watu minyororo", watakaa kimya kwa heshima na hawatarudi mwakani. Uliza badala yake: mgonjwa akikushinda, unampeleka wapi, na kwa usafiri gani? Suala la minyororo litajitokeza lenyewe, tena mara nyingi watalileta wao.

Kampuni ya dawa ikidhamini kongamano, kuna ubaya?

Bila wadhamini mikutano mingi isingefanyika. Cha kutazama ni nani alichagua mada na kama mtoa mada ameeleza maslahi yake kwenye slaidi ya kwanza. Jiulize pia kama dawa inayosifiwa ipo Bohari ya Dawa, au KEMSA kwa Kenya. Saa nzima juu ya dawa ambayo mgonjwa wako hataiona, huku haloperidol imeisha wodini, ni saa iliyoliwa. Kalamu zao chukua.

Nimepata barua pepe ikinialika Dubai kuwa "msemaji mkuu". Niende?

Soma tena barua hiyo polepole. Imekuita "Daktari Mashuhuri" bila jina lako? Inachanganya meno, saratani na saikolojia kwenye mkutano mmoja? Ikisiri imekubaliwa ndani ya saa chache, na kilichofuata ni ankara? Hiyo ni biashara. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho ya Marekani iliiamuru kampuni moja ya India inayochapisha majarida na kuandaa makongamano kulipa zaidi ya dola milioni 50. Miongoni mwa makosa yake ni kutangaza majina ya wanasayansi kama washiriki ilhali hawakukubali kushiriki. Njia rahisi ya kuhakiki: mwandikie mmoja wa waliotajwa kwenye kamati, kwa anwani ya chuo chake, umuulize kama anaufahamu mkutano huo.

Kuhudhuria kwa mtandao kuna faida?

Kwa kusikiliza, ndiyo. Kwa kujuana na watu, kidogo sana. Omba siku ya ruhusa hata kama hutoki nyumbani. Kufuatilia mada huku ukihudumia foleni ya kliniki ni kudanganya pande zote mbili.

Makongamano haya yamewahi kubadilisha chochote?

Mengi, hapana. Lakini tazama la Abeokuta, Nigeria, Novemba 1961. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili wa Nigeria, aliwakusanya huko wataalamu wa magonjwa ya akili kutoka nchi mbalimbali kwenye kongamano la kwanza la fani hiyo la Afrika nzima. Miaka minane kabla yake, WHO ilikuwa imechapisha kazi ya J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, aliyemfananisha Mwafrika mwenye akili timamu na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Huo ndio ulikuwa utaalamu uliokubalika.

Lambo alikuwa na jibu la vitendo. Tangu 1954, kwenye hospitali ya Aro hapo Abeokuta, wagonjwa walipanga kwenye nyumba za wanakijiji pamoja na ndugu zao, wakihudhuria matibabu hospitalini. Ndugu akapika, mgonjwa akalima, na kijiji kikapata kodi. Tanzania nayo ilikuja kuwa na vijiji vya wagonjwa, Hombolo karibu na Dodoma kikiwa kimojawapo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 huko Mbare, Harare, waliofundishwa kumsikiliza mtu mwenye sonona wakiwa wamekaa naye kwenye benchi nje ya kliniki. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa 2016, mwaka uliofuata akaeleza kazi hiyo kwenye jukwaa la TED, na benchi hilo limeshafika Malawi na Zanzibar. Ona mpangilio wake: miaka kumi ya kazi, kisha ushahidi, kisha jukwaa. Wengi wetu tunaanzia jukwaani.

Nikirudi kazini, mrejesho niutoeje?

Dakika kumi kwenye ripoti ya asubuhi, ndani ya wiki ya kwanza, jambo moja tu. Ripoti ya kurasa kumi na mbili iandike kama mwajiri anaidai, lakini haitasomwa.

Mfano wa jambo moja: WHO inashauri dawa ya valproate isitumike kwa wanawake na wasichana walio kwenye umri wa kuzaa, kwa sababu ya hatari kubwa ya kasoro kwa mtoto tumboni na matatizo ya ukuaji wa ubongo wake baadaye. Kliniki zetu za akili ndizo zinazotibu kifafa pia, kwa hiyo dawa hiyo tunayo mezani kwa magonjwa mawili, kifafa na bipola. Ukisikia mada hiyo, rudi ufungue rejista na mfamasia, muorodheshe wanawake wa umri huo wanaoitumia, mpange nani ataongea nao na daktari gani atabadili dawa. Asiache hata mmoja ghafla kwa kusikia maneno koridoni. Kifafa kikirudi kwa kishindo kinaua.

Tunataka kuandaa mada hospitalini kwetu tarehe 10 Oktoba. Tuanzie wapi?

Siku ya Afya ya Akili Duniani ilianzishwa 1992 na Shirikisho la Dunia la Afya ya Akili, lenyewe likiwa limezaliwa kwenye kongamano la London mwaka 1948. Kila mwaka ina kaulimbiu, lakini isiwabane. Chagueni chumba cha watu 40, mzungumzaji mmoja, saa moja, nusu yake iwe ya maswali. Wekeni kisanduku cha maswali yasiyo na jina mlangoni tangu siku tatu kabla. Wafanyakazi wa afya huona haya kuuliza kuhusu usingizi wao, pombe yao na uchovu wao mbele ya mkuu wa idara. Fulana si lazima. Chai na maandazi ni lazima.

Cheti changu hakijafika. Nifanyeje?

Mwandikie mratibu ukiambatanisha risiti ya ada, na utaje jina lako kama lilivyo kwenye leseni, si lile la Facebook. Kama ulisaini karatasi ya mahudhurio siku ya kwanza pekee, tarajia cheti cha siku moja. Mwezi ukipita kimya, peleka barua kwa baraza lililoidhinisha pointi, kwa sababu orodha ya mahudhurio wanaweza kuidai wao.